Wembe Ukae Pembeni: Kweli na Uongo Kuhusu Mikunjo ya Modeli za Karatasi

Ukitaka kujua kama modeli ya karatasi imetengenezwa na mtu makini, tazama kingo zake. Gundi iliyovuja hufutwa na rangi iliyopauka hurudiwa, lakini ukingo uliokunjwa ovyo hausahihishiki. Karatasi ikishavunjika mahali pasipotakiwa, alama inabaki hapo hapo. Ndiyo maana kabla ya kukunja, fundi hupitisha kifaa butu juu ya mstari ili kuubonyeza uwe mfereji mwembamba. Kazi hiyo nitaiita kutia mfuo. Haimalizi hata dakika, na ndiyo inayoamua kama ukuta utasimama wima au utaegemea upande.

Ng'ambo kuna maduka yanayouza vifaa maalumu vya kazi hii. Sisi tunatumia kilichopo: kalamu iliyokwisha wino, bikari, mpini wa kijiko, spoku ya baiskeli na, mara nyingi mno, wembe. Kila kifaa kina maneno yanayosemwa juu yake. Mengine ni ya kweli, mengine yametuharibia karatasi nyingi nzuri. Hapa nimeyachukua yale yanayorudiwa sana na kuyapima.

Naanzia Kipalapala kwa sababu. Huko, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, ndipo Tanganyika Mission Press ilipochapa vitabu, na vitabu vya dini vya Kiswahili vyenye maneno "TMP" na "Tabora" kwenye kurasa za mwanzo vimo katika nyumba nyingi za Tanzania mpaka leo. Kitabu ni karatasi iliyokunjwa. Karatasi moja kubwa iliyochapwa kurasa nane kila upande hukunjwa mara tatu, ikawa kijitabu cha kurasa 16, kisha vijitabu kadhaa hushonwa pamoja na kujalidiwa. Mahali panapochapwa vitabu, mkunjo ni kazi ya kila siku, si mchezo wa watoto.

Na modeli nitakayoitolea mifano haiko mbali na hapo. Kwihara, jirani na mji huo huo, ndipo lilipokuwa tembe walilofikia Livingstone na Stanley mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Leo hapo ni makumbusho. Tembe ni nyumba yenye kuta nene na paa bapa, vyumba vikizunguka ua. Kwa mtengeneza modeli hilo ni somo zuri sana, kwa kuwa karibu kila ukingo wake umenyooka, na lina pembe za aina zote mbili: zile za kuta za nje zinazotokeza, na zile za ua zinazoingia ndani.

"Mstari wa kukunjia hukatwa nusu kwa wembe"

Si kweli, na hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu kuliko yote.

Tuanze na vipimo. Manila ya gramu 160 kwa mita mraba ina unene wa takribani milimita 0.2. Ukiikata nusu, kinachobaki ni milimita 0.1, yaani unene wa karatasi ya kawaida ya fotokopi. Ukuta mzima wa modeli sasa unashikiliwa na hicho tu. Tena huko ni kukata nusu kwa bahati njema. Kwa mkono mtupu, katika mstari wa sentimita 20, hapa wembe umezama robo, pale umezama robo tatu, na mwishoni, mkono unapoongeza kasi, umetoboa kabisa. Kunja na kukunjua mara chache uone mpasuko unavyotembea.

Karatasi ni nyuzi za miti zilizolala tabaka juu ya tabaka na kushikana. Mfuo hauzikati nyuzi hizo. Unazibana na kuzilegeza zisishikane sana kwenye mstari ule mmoja, ili zitakapokunjwa ziteleze kidogo badala ya kugombana. Wembe unafanya kinyume: unakata nyuzi za upande wa nje, zile zile zinazobeba mvutano wote wa mkunjo, na kuziacha za ndani zihangaike peke yake.

Viwanda vya maboksi vinalijua jambo hili kupitia ajali maarufu. Mwaka 1879 huko Brooklyn, New York, mchapaji na mtengenezaji wa mifuko ya karatasi aitwaye Robert Gair alikuwa na oda ya mifuko ya mbegu. Chuma kilichotakiwa kubonyeza mstari wa mkunjo kilisogea, kikaikata mifuko. Gair aliona kwamba akipanga vyuma vikali vikae juu zaidi na vyuma butu vikae chini kidogo, mashine moja itakata na kutia mfuo kwa pigo moja. Kutoka hapo lilizaliwa boksi la karatasi linalofika dukani likiwa bapa, likakunjwa pale pale. Chuma kikali ni cha kukata na chuma butu ni cha kukunja, na kila kimoja kina kazi yake mpaka leo.

Wembe una mahali pake. Kadibodi ya unene wa milimita moja na zaidi, kama ile ya majalada magumu, haikubali mfuo wa kubonyeza, kwa hiyo hukatwa sehemu ya unene upande wa nje wa mkunjo, na mkanda wa kitambaa hugundishwa kwa ndani uwe bawaba. Hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye kisu chenye mpini. Inaniuma kuona mtoto wa darasa la tatu ameshika nusu ya wembe kwa vidole viwili ili atengeneze mchemraba wa somo la hisabati, wakati mfukoni mwake ana kalamu ambayo ingeifanya kazi ile vizuri zaidi na bila damu.

"Kalamu ikiisha wino kazi yake imekwisha"

Si kweli kabisa. Kwa kazi hii ndipo inapoanza.

Itazame ncha ya kalamu ya kawaida kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Kuna kipira kilichoketi ndani ya kikombe cha chuma, na kipira hicho ni cha duara kamilifu kuliko karibu vitu vyote ulivyo navyo nyumbani. Kampuni ya Bic ilianza kuuza kalamu yake ya Cristal nchini Ufaransa mwaka 1950, na tangu miaka ya 1960 mwanzoni kipira chake ni cha tungsteni kabaidi, kitu kigumu kinachotumika pia katika vyuma vya kukatia vyuma. Kipenyo chake ni kama milimita moja. Karatasi haiwezi kukimaliza. Kinapopita kinaviringika au kinateleza, lakini hakikwaruzi, kwa kuwa hakina kona. Kwa manila ya milimita 0.2, sijaona kifaa cha dukani kinachokizidi.

Lakini kuna masharti. Kwanza, hakikisha wino umekwisha kweli. Chora mizunguko kwenye gazeti mpaka kisibaki hata kivuli, kisha iache kalamu juani kidogo na ujaribu tena, kwani joto hulainisha wino uliogandia ndani na unaweza kurudi katikati ya ukuta mweupe. Pili, pitisha ncha juu ya ukucha wako. Ikikwaruza, kipira kimeanguka na kilichobaki ni ukingo wa kikombe, ambao ni mkali. Kalamu hiyo itupe. Tatu, ishike kama unavyoandika, ikilala kidogo kuelekea kwako, na uivute kuja kwako. Ukiisukuma itakamata karatasi. Kalamu za jeli zenye kipira cha nusu milimita zinafaa kwa karatasi nyembamba ya fotokopi.

Bikari nayo inasifiwa sana, na sifa hizo ni nusu kweli. Ncha yake mpya ni sindano, na sindano hukwaruza, tena huinua vinyweleo vya karatasi pande zote mbili za mstari. Isugue kwanza juu ya msasa au jiwe laini huku ukiizungusha, mpaka ipite kwenye ukucha bila kuacha mstari mweupe. Baada ya hapo ni kifaa kizuri kwa mistari mifupi, kama ya madirisha. Wenye shazia za kushonea magunia, na katika mkoa wa tumbaku kama Tabora hazikosekani, watumie upande wa tundu tu, baada ya kuusugua ulainike, kwa sababu ncha ya shazia nyingi ina pande tatu kali na itakata. Spoku ya baiskeli ina unene wa takribani milimita mbili. Kwa manila ni pana mno, kwa boksi la karatasi yenye mawimbi ndani ni saizi yake.

"Mfereji ukae ndani ya mkunjo"

Hili linaonekana la akili kiasi kwamba watu hawalijaribu. Umetengeneza mfereji, basi unafunga kuta zake mbili zikutane, kama kufunga kitabu. Si kweli.

Chukua boksi la dawa ya meno, lifungue gundi yake polepole, lilaze bapa mezani. Pitisha kidole upande wenye maandishi, kwenye mstari wa mkunjo: utahisi mfereji. Sasa ligeuze upande wa ndani, usio na maandishi: mahali pale pale kuna tuta. Kiwandani chuma butu kilibonyeza kutoka upande wa maandishi, karatasi ikasukumwa kwenda chini ndani ya nafasi nyembamba, ikatoka tuta kwa nyuma. Kisha boksi likakunjwa kwa kuuacha mfereji nje na tuta ndani.

Sababu yake iko kwenye unene. Unapokunja kitu chenye unene, upande wa nje lazima urefuke na wa ndani lazima ufupike. Karatasi hairefuki kirahisi, na ikilazimishwa hupasuka. Mfereji uliobonyezwa kutoka nje umeshanyoosha karatasi kidogo, kwa hiyo upande wa nje una akiba ya urefu. Tuta lililo ndani nalo lina tabaka zilizoachana, na zinapobanwa zinatawanyika kwa utulivu kuelekea ndani, mahali pasipoonekana. Ukikunja kinyume, mfereji ukiwa ndani, tabaka zilizobanwa hazina pa kwenda, na upande wa nje unavutwa bila akiba yoyote. Ukingo unapasuka, au unajitafutia njia pembeni ya mstari ulioutia mfuo, na ndiyo maana pembe nyingi za modeli za shuleni hazikai juu ya mstari uliochorwa.

Turudi kwenye tembe. Kuta za nje ni ukanda mmoja mrefu wa manila wenye pembe nne zinazotokeza. Mfuo wa pembe hizo unatiwa upande wa mbele, ule utakaoonekana. Kuta za ua ni ukanda wa pili, na mtazamaji anauona kutoka ndani ya ua, kwa hiyo pembe zake nne zinaingia. Mfuo wake unatiwa nyuma. Tatizo ni kwamba mistari imechorwa mbele tu. Toboa kwa pini kila mwisho wa mstari, geuza karatasi, weka rula kwenye vitundu viwili, kisha tia mfuo kati yake. Vitundu hivyo vikikaa juu kabisa na chini kabisa ya ukuta, paa na kitako vitavifunika.

"Bila folda ya mfupa hutapata mkunjo wa kitaalamu"

Nusu kweli.

Folda ya mfupa ni kipande chembamba cha mfupa kilicholainishwa, kirefu kama kiganja, ncha moja ya mviringo na nyingine imechongoka kidogo. Wajalidi wa vitabu duniani wameitumia kwa karne nyingi. Kazi yake kubwa ni kulaza mkunjo baada ya kukunja, yaani kuupitia ukingo wa kijitabu ulale bapa. Kwa mfuo wa modeli ndogo ncha yake mara nyingi ni nene mno. Kwa hiyo anayekuambia kwamba bila hiyo huwezi kutia mfuo anakuambia jambo ambalo hata mjalidi hasemi. Lakini kwa kulaza mikunjo mirefu, kama ule wa ukuta na paa la tembe, haina mpinzani: mfupa ni mgumu, hauachi rangi, haukwami, na hauachi mafuta kwenye karatasi kama kidole.

Na kwa nini uagize mfupa kutoka nje ukiwa Unyamwezini, ambako ng'ombe hawakosekani? Tafuta muundi wa ng'ombe kwa mchinjaji. Uchemshe kwa maji yenye sabuni mpaka mafuta yatoke, la sivyo kifaa kitaacha madoa mwaka mzima. Ukishakauka, kata kwa msumeno wa chuma kipande cha sentimita 15 kwa urefu, mbili kwa upana, kisha kisugue kwa msasa mpaka kibaki unene wa milimita tatu hivi. Sugua ndani ya beseni la maji, kwa kuwa vumbi la mfupa si zuri kwa mapafu. Anza na msasa wa mikwaruzo mikubwa, malizia na ule laini kabisa, kisha kisugue kwa kitambaa cha pamba mpaka king'ae. Hakikisha hakuna kona hata moja inayokwaruza ukucha.

Asiyetaka mfupa atumie mwanzi, upande wa ganda la nje ndio unaogusa karatasi. Mpingo nao unafaa vizuri. Mninga, pamoja na heshima yake yote, una vinyweleo vinavyoinuka, na nisingeuchagua. Mpini wa kijiko cha chuma unafanya kazi ila kwenye karatasi nyeupe huacha weusi hafifu, hivyo weka kipande cha karatasi safi kati ya kijiko na ukuta wako. Ufanye hivyo hivyo na mfupa kwenye karatasi ya rangi, kwani kusugua moja kwa moja hung'arisha mstari na kuonekana kama umelowa.

"Ukibonyeza kwa nguvu ndipo mfuo unakuwa mzuri"

Si kweli. Nguvu nyingi huchana. Kinachofanya mfuo ni nafasi iliyo chini ya karatasi. Juu ya meza ngumu hata ukitumia mwili wote karatasi haina pa kuzama, utaiponda tu iwe nyembamba. Juu ya godoro itazama mpaka mbali na mstari, ukapata bonde pana badala ya mfereji. Kurasa chache za gazeti zinatosha kwa kazi nyingi, ukipita mara mbili au tatu kwa mkono mwepisi.

Anayetaka zaidi ya hapo anaweza kuiga kiwanda. Katika mashine za maboksi, karatasi husukumwa ndani ya mfereji uliopimwa: kina chake ni sawa na unene wa karatasi yenyewe, na upana wake ni unene wa chuma butu kuongeza karibu mara moja na nusu ya unene wa karatasi. Hesabu hiyo inatengenezeka nyumbani. Kata vipande viwili vyenye kingo zilizonyooka kutoka kwenye manila ile ile utakayoijengea, maana hapo kina kinakuja chenyewe bila kupima. Nyoosha klipu ya karatasi, ambayo waya wake ni kama milimita moja. Ilaze juu ya ubao, sogeza vipande viwili vya manila viiguse kutoka pande zote mbili, vigundishe kwenye ubao, kisha toa klipu. Umebaki na mfereji wa upana wa milimita moja. Weka karatasi yako juu yake, mstari ukae sawasawa na mfereji, pitisha kipira cha kalamu. Kwa sababu ni sehemu ya chini tu ya kipira inayozama, kinaingia bila kukwama. Utakapogeuza karatasi utaona tuta safi lililonyooka, lile lile la boksi la dawa ya meno.

Kupanga mstari juu ya mfereji usiouona ndiyo shida pekee. Chora alama kwenye ubao, mwanzo na mwisho wa mfereji, nje ya eneo la karatasi.

"Karatasi ina njia yake"

Kweli, na asiyelijua hili atalaumu kifaa bure.

Mashine ya karatasi hukimbiza rojo la nyuzi juu ya wavu unaokwenda kasi, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo huo. Mkunjo unaofuata nyuzi hulala laini. Mkunjo unaozikata njia hukwaruzika, unapinga, na mara nyingi hupasua rangi ya juu. Wajalidi hawalichezei: nyuzi za kitabu lazima ziende sambamba na mgongo wake, la sivyo kurasa hujikunja na kitabu hakilali wazi mezani.

Kuna njia tatu za kuzitambua. Pinda karatasi bila kuivunja, kwa urefu kisha kwa upana: inakokubali kirahisi, mpindo wake uko sambamba na nyuzi. Au chana: mchano unaofuata nyuzi hunyooka, mwingine huyumba. Au kata kipande kidogo cha mraba, kilowanishe upande mmoja, utakiona kinajiviringisha kuwa bomba. Bomba hilo limelala kufuata nyuzi, kwa sababu nyuzi zikinywa maji hunenepa zaidi kuliko zinavyorefuka.

Tembe lina ugomvi wake hapa. Mikunjo ya pembe inasimama wima na mkunjo wa paa unalala, kwa hiyo huwezi kuiridhisha yote kwa nyuzi za upande mmoja. Mimi huzilaza nyuzi sambamba na paa. Mkunjo wa paa ndio mrefu na ndio unaoonekana kwanza, pembe ni fupi na zinavumilia mfuo wa kupita mara mbili zaidi.

Aina ya mti nayo inahesabika. Karatasi ya kaki inayotengenezwa Mgololo, wilayani Mufindi, inatokana na misonobari, na nyuzi za misonobari zina urefu wa takribani milimita tatu. Nyuzi za mikaratusi ni kama milimita moja. Ndiyo maana kipande cha mfuko wa saruji hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi bila kulalamika, wakati kadi nyeupe inayong'aa hupasuka mara ya kwanza. Mng'ao wa kadi ile ni tabaka la udongo mweupe, na udongo hauna nyuzi.

"Kiangazi manila za Tabora huwa mbovu"

Manila ni ile ile, hewa ndiyo imebadilika. Karatasi ina maji ndani yake siku zote na huyatoa au kuyapokea kulingana na hewa. Maabara za karatasi hupimia kwenye nyuzi 23 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50, kwa kuwa nje ya hapo majibu hubadilika. Kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza, mchana wa Tabora uko chini sana ya unyevu huo, nyuzi zinakauka na kuwa kavu kama nyasi za nje. Fanya kazi asubuhi. Au usiku uliotangulia funga karatasi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa kilichokamuliwa sana, kilichowekwa kwenye sahani ili kisiguse karatasi. Usilowanishe mstari wenyewe kwa brashi, manila itavimba na ukuta utakuwa na mawimbi.

Kuhusu mistari ya mviringo, wengi husema haikunjiki. Inakunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wanafunzi wa Josef Albers katika chuo cha Bauhaus, Ujerumani, walikuwa wakikunja duara za karatasi kwenye mifuo ya mviringo mpaka zikajipinda zenyewe kuwa maumbo ya ajabu. Hapa kalamu iliyokauka inaushinda wembe waziwazi, kwani kipira hugeuka upande wowote na wembe hupenda kwenda mbele tu. Anayetaka kujipima ajaribu ubavu wa meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikapita Tabora kwa reli kwenda Kigoma na kuunganishwa upya. Meli hiyo yenyewe imewahi kuwa modeli ya kuunga.

"Kata kwanza, kisha tia mfuo"

Si kweli. Karatasi iliyokwisha kukatwa haina pa kuikalisha rula. Kibawa cha kugundishia chenye upana wa milimita tano kitateleza chini ya kidole, na mfuo wake utapinda. Tia mifuo yote karatasi ikiwa nzima, kila mstari uanzie nje kidogo ya umbo na uishie nje yake. Rula ya plastiki inatosha kwa hatua hii, ile ya chuma iwekee kisu cha kukatia. Mifuo ya mbele kwanza, halafu vitundu vya pini, kisha geuza umalizie ya nyuma.

Ukishakata, kunja kila mstari ukiwa mkavu, kabla ya gundi yoyote, na uukunjue tena. Pembe zikionyesha weupe wa ndani, zipake penseli ya rangi sasa, si baada ya kuunga. Kisha anza na ukanda wa ua, ufuate wa kuta za nje, na paa liwe la mwisho. Paa likigundishwa mapema, kidole hakifiki tena kwenye pembe za ndani, na mfupa wako wa kulazia hauna njia ya kuingia.